Istilahi za Vipimo katika Mchoro wa Fundi

Mteja anayeagiza bushi ya kinu cha kusagia unga aghalabu huandika "upana 40" katika mchoro wake. Upana upi? Kiswahili kina kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje, urefu na unene, na kila istilahi humwelekeza mkerezaji mahali pake. Alama ø hutangulia kipenyo, na R nusu kipenyo. 40 ikisomwa kuwa nusu kipenyo, huzaa kipande cha 80. Kizio nacho kitajwe: inchi 1 ni milimita 25.4. Isitoshe, shafti ya milimita 25 haizunguki kwa wepesi ndani ya tundu la milimita 25 kamili. Nafasi baina yake, ingawa ndogo mno, sharti iandikwe. Wengi humwachia fundi akisie, kisha chuma kikiharibika, mchoro hauonyeshi nani alipe.