Kila Bakteria na Njia Yake: Mafunzo Sita Kutoka Boma za Kwanza

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii huku Kwanza, kaunti ya Trans-Nzoia. Kazi yangu ni kutembea boma hadi boma, kati ya mashamba ya mahindi na ng'ombe wa maziwa. Nina jamaa upande wa Bungoma pia, na kote nimekuta hofu ileile: watu wanaogopa viini vyote kwa pamoja, kana kwamba ni adui mmoja. Kazi hii imenifundisha kuwa kila bakteria ana njia yake ya kumwingia binadamu, na njia ikijulikana huweza kuzibwa, mara nyingi kabla ya dawa kuhitajika.

1. Ng'ombe mwenye afya machoni anaweza kubeba homa

Ng'ombe mwenye bakteria wa Brucella huweza kunenepa na kutoa maziwa vizuri. Dalili kubwa ni kutupa mimba, hasa katika miezi ya mwisho. Bakteria hao hujaa katika kondo la nyuma, katika maji ya uzazi na katika maziwa. Kwa hiyo haugui mnywaji wa maziwa mabichi peke yake. Anayemzalisha ng'ombe kwa mikono mitupu huingiwa pia, kupitia mikwaruzo. Wakishaingia mwilini hujificha ndani ya seli zilezile zinazotumwa kuwaua. Mgonjwa hupata homa ya kuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya mgongo na viungo, na wengi hutibiwa malaria tena na tena. Tiba yenyewe ni dawa mbili kwa pamoja, kwa kawaida kwa wiki sita.

Mwaka 1887, David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, aliwatambua bakteria hao katika miili ya askari waliofariki kisiwani Malta. Mwaka 1905, Themistocles Zammit, daktari mzaliwa wa kisiwa hicho, akabaini kuwa chanzo ni maziwa ya mbuzi. Askari walipoacha kunywa maziwa hayo, ugonjwa ulipungua sana miongoni mwao, na wakati huo dawa ya kuutibu haikuwapo.

Bibi mmoja tunayemwita Kogo aliwahi kuniambia, "Mwanangu, maziwa yaliyochemshwa hayana nguvu." Nilimjibu, "Kogo, nguvu inabaki. Kinachokufa ni homa." Siku hizi huyachemsha kwanza, kisha ndipo anayaweka yagande.

2. Homa ya matumbo hutoka kwa binadamu mwenzetu

Salmonella Typhi haishi ndani ya ng'ombe wala kuku. Makao yake ni binadamu tu. Kila anayeugua homa hii, yaani taifodi, amekula au kunywa kitu kilichofikiwa na kinyesi cha mtu mwingine. Akimezwa, bakteria huyu hupenya ukuta wa utumbo, huingia damuni, na kufika kwenye ini, bandama na uboho. Dalili huanza baada ya wiki moja hadi tatu, wakati mtu amekwisha kusahau alikunywa maji wapi. Wachache waliopona hubaki naye katika kibofu cha nyongo na kuendelea kumtoa bila kuumwa popote. Ndiyo maana nasisitiza sabuni hata kwa mpishi mwenye afya tele.

Julai 2025 Kenya ilianza kuwachanja watoto wa miezi 9 hadi miaka 14 dhidi ya ugonjwa huu. Mzazi ambaye mwanawe hajachanjwa na aulize kituoni.

3. Kipimo cha haraka hakitoshi

Wengi wamezoea kupimwa kwa tone la damu na kuambiwa wana taifodi kila baada ya miezi michache. Kipimo cha Widal hutafuta kingamwili, na kingamwili huweza kutokana na maambukizi ya zamani au ya bakteria wengine. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha bakteria kutoka katika damu, kazi ya maabara inayochukua siku kadhaa. Ukinywa antibiotiki usiyoihitaji, unawapa bakteria waliomo mwilini nafasi ya kuizoea. Tangu miaka ya 1990 watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wamekuwa wakionyesha kuwa taifodi ya Kenya imeshinda dawa kadhaa za zamani.

4. Pepopunda imo udongoni

Clostridium tetani hukaa udongoni na katika samadi kwa miaka mingi akiwa ndani ya ganda gumu. Kidonda chenye kina kisichopata hewa humwamsha, naye hutoa sumu inayosafiri kwenye mishipa ya fahamu na kukaza misuli. Kuugua na kupona hakumpi mtu kinga, chanjo ndiyo humpa.

Hapa kwetu jambo hili lina msimu. Agosti ya miaka shufwa, kama 2022 na 2024, vijana wa Kibukusu hupakwa tope la mtoni kabla ya kukabili kisu cha tohara. Naiheshimu mila hii kwa moyo wote, na kwa sababu hiyo naomba kijana achanjwe mapema, kila mmoja awe na kisu chake kilichotakaswa, na tope lisikaribie kidonda.

5. Ng'ombe aliyekufa ghafla asipasuliwe

Kimeta huua mnyama upesi, mara nyingi damu isiyoganda ikimtoka puani. Ukimpasua, bakteria hupata hewa na kujijengea maganda yanayoweza kudumu udongoni kwa miongo mingi. Mwite daktari wa mifugo. Nyama hiyo isiliwe, hata kama njaa ipo.

6. Mgonjwa si adui

Bakteria wa kifua kikuu husafiri hewani mtu anapokohoa, na huweza kulala mapafuni kwa miaka. Mwaka 2010, mahakama ya Kapsabet iliamuru wagonjwa wa kifua kikuu waliokatiza dawa wafungwe gerezani. Machi 2016, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu akaamua kuwa kuwafunga gerezani kulivunja katiba. Selo iliyojaa watu, isiyopitisha hewa, ndiyo njia ambayo bakteria huyu anaitaka. Mgonjwa wa kawaida anahitaji dirisha wazi, chakula, na mtu wa kumtia moyo amalize miezi sita ya dawa, ambazo ni za bure katika vituo vya serikali.

Njia nyingi kati ya hizi mtu anaweza kuziziba nyumbani kwake. Lakini maji ya mto hayajui mpaka wa shamba. Ukichemsha maji yako, umeilinda nyumba yako. Ukimsaidia jirani kuchimba choo mbali na kijito, umewalinda wote wanaoteka maji chini yenu. Choo hicho hakihitaji kungoja mradi wa kaunti. Tunaweza kukianza Jumamosi hii, kwa majembe tuliyo nayo.