Rovu la Mbwa na Rovu la Watu

Kila mwanafunzi aliyewahi kuingia chumba cha sayansi anaijua chupa ya iodini. Maji yake ni ya rangi ya hudhurungi, na ukidondosha tone moja juu ya kipande cha muhogo, mahali pale hugeuka buluu iliyokaribia weusi. Hivyo ndivyo tunavyotambua ya kuwa kitu fulani kina wanga. Wengine mnaijua kwa njia nyingine, maana mlipoumia mchezoni mlipakwa dawa hiyo kidondani mkaruka kwa uchungu. Lakini ni wachache wanaojua ya kuwa kila mmoja wetu anachukua iodini hiyo hiyo shingoni mwake, na ya kuwa mbwa alalaye mlangoni pa jikoni naye anayo. Katika mafundisho ya afya siku hizi iodini huitwa pia madini joto, na jina hilo si baya, kama tutakavyoona.

Weka vidole vyako kooni, chini kidogo ya kikoromeo, kisha umeze mate. Hapo, juu ya bomba la pumzi, imekaa tezi yenye umbo la kipepeo, mabawa mawili yaliyounganishwa katikati. Kwa mtu mzima uzito wake ni yapata gramu 20. Mbwa anayo vilevile, ila kwake mabawa hayo mawili kwa kawaida yametengana, moja kila upande wa koo. Kazi ni ile ile. Tezi hii huokota iodini kutoka katika damu, na kwa iodini hiyo hutengeneza maji yaitwayo thairoksini, kisha huyarudisha katika damu ili yafike mwili mzima.

Thairoksini ni kama mivuo ya mhunzi. Mkaa upo na moto upo, lakini asiyevuta mivuo hapati joto la kuyeyushia chuma. Thairoksini ikipungua, chakula tunachokula hakiungui upesi mwilini. Mtu huona baridi wakati wenzake wanatoka jasho, hunenepa bila kula sana, moyo hupiga polepole, ngozi hukauka, na mawazo huwa mazito. Mbwa naye huwa mvivu, hutafuta mahali penye jua, hunenepa, na manyoya yake hunyonyoka ubavuni na mkiani. Watu wengi wamemchapa mbwa wa namna hiyo wakidhani ni mzembe, kumbe ni mgonjwa.

Sasa tufanye hesabu. Mtu mzima anahitaji iodini kiasi cha maikrogramu 150 kwa siku. Maikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Zidisha 150 kwa siku 365, kisha kwa miaka 70. Utapata gramu 3.8 tu, chini ya kijiko kimoja cha chai kwa maisha yote. Ni kidogo mno, lakini hatuwezi kukinywa kijiko hicho siku moja tukasahau habari zake, kwa kuwa mwili hautunzi akiba kubwa. Hapana budi kipatikane kidogo kidogo, daima.

Nacho hupatikana wapi? Iodini nyingi ya dunia imo baharini. Bernard Courtois, mtu wa Ufaransa, ndiye aliyeigundua mwaka 1811 katika majivu ya magugu ya bahari. Katika nchi za milima, mvua za maelfu ya miaka zimeuosha udongo na kuipeleka iodini mtoni, na mto ukaipeleka baharini. Mahindi yaliyoota katika udongo ulioosheka hayana iodini ya kutosha, na ng'ombe alaye majani ya hapo hana ya kutosha katika maziwa yake. Mkulima aweza kuvuna magunia kwa magunia, watoto wake washibe kila siku, na bado wakawa na njaa hii moja wasiyoisikia tumboni. Ndiyo sababu milima ya Alpi huko Ulaya, milima ya Himalaya, na nyanda za juu za nchi zetu za maziwa, zote zilijulikana tangu zamani kwa maradhi ya rovu.

Rovu lenyewe huja hivi. Chini ya ubongo kuna tezi nyingine, ndogo kama punje ya njegere, ambayo ni msimamizi. Ikiona thairoksini imepungua katika damu hupeleka amri shingoni: ongeza kazi! Tezi ya shingo hutii. Huongeza vyumba vyake vya kazi ili iokote kila chembe ya iodini ipitayo. Amri huja tena, nayo huongezeka tena, mwezi kwa mwezi na mwaka kwa mwaka, hata ikawa kama yai, na kwa wengine kama embe. Basi rovu la namna hii si laana ya ukoo. Ni kiwanda kilichopanuliwa mara nyingi kwa kukosa mali ya kufanyia kazi.

Mambo haya hayakujulikana kwa urahisi. Daktari Coindet wa Geneva aliwatibu watu wenye marovu kwa iodini tangu mwaka 1820, lakini aliwapa nyingi mno, baadhi yao wakadhurika, na dawa ikapata jina baya. Mwaka 1895 Eugen Baumann, Mjerumani, alivumbua ya kuwa tezi ya shingo ina iodini ndani yake. Hata hivyo wengi waliendelea kusema ya kuwa rovu linatokana na maji machafu, au na vijidudu, au na damu ya ukoo.

Hapo ndipo wanapoingia mbwa. Mwaka 1905 daktari kijana, David Marine, alifika mji wa Cleveland katika jimbo la Ohio, Marekani, karibu na ziwa Erie. Nchi ile i mbali na bahari. Inasimuliwa ya kuwa alipokuwa akitembea njiani kwenda hospitali alikoajiriwa aliona mbwa wengi wenye shingo zilizovimba, na watu pia. Aliyezaliwa pale hakuona ajabu. Mgeni ndiye aliyeuliza.

Marine alichukua tezi za mbwa, akazikausha, akazipima. Alikuta ya kuwa kadiri tezi ilivyozidi kuvimba ndivyo iodini yake ilivyozidi kuwa haba, na ya kuwa uvimbe huanza pale iodini inapopungua chini ya sehemu moja katika elfu ya uzito wa tezi kavu. Tena mbwa aliyepewa iodini, tezi yake ilirudi katika hali njema. Baadaye aliitwa Pennsylvania kuangalia samaki waliofugwa katika mabwawa, wenye uvimbe kooni uliodhaniwa kuwa ni saratani. Samaki hao walilishwa maini na mioyo ya wanyama. Marine alisema ni rovu tu. Walipotiliwa iodini kidogo katika maji, au kulishwa samaki wa bahari, uvimbe ulipungua. Basi mbwa, samaki na mtu, wote watatu walikuwa na haja moja.

Mwaka 1917 yeye na mwenzake Kimball walipata ruhusa ya kujaribu katika shule za mji wa Akron, jimbo lile lile. Waliwachagua wasichana, kwa kuwa ndio waliopata rovu zaidi, hasa wanapokaribia utu uzima. Kila aliyekubali alipewa gramu 2 za sodiamu iodaidi, zikigawanywa kwa siku 10, mara mbili kwa mwaka. Katika wasichana 2,190 waliokunywa dawa, ni 5 tu waliopata uvimbe. Katika 2,305 wasiokunywa, walivimba 495, yaani zaidi ya mmoja katika kila watano. Sijui hesabu nyingine ya shuleni inayosema waziwazi kama hii. Walakini angalieni kipimo chao: gramu 4 kwa mwaka! Kwa hesabu tuliyofanya hapo juu, msichana wa Akron alimeza katika mwaka mmoja iodini inayokaribia haja ya miaka 70. Siku hizi hakuna daktari atakayefanya hivyo. Njia iliyoshinda ni ile ya kuitia iodini katika chumvi, kwa kuwa tajiri na maskini wote hula chumvi, wala hawaongezi sana. Uswisi ilianza mwaka 1922, na jimbo la Michigan huko Marekani mwaka 1924.

Tukirudi kwetu, tuna somo letu wenyewe katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya ziwa Kivu, kati ya Kongo na Rwanda. Watafiti wa Kibelgiji waliochunguza huko katika miaka ya 1960 walikuta ya kuwa upande wa kaskazini zaidi ya nusu ya watu walikuwa na rovu, na upande wa kusini-magharibi wachache sana. Mtu angefikiri kusini kuna iodini. La, walipopima mkojo wa watu walikuta ni haba pande zote mbili. Iweje basi ndugu wawili wa kisiwa kimoja wasifanane? Uchunguzi uliofuata ulionyesha ya kuwa muhogo una sehemu yake katika jambo hili. Muhogo, hasa ule mchungu, una sumu ambayo mwili huigeuza kuwa kitu kingine kinachoizuia iodini isiingie katika tezi. Penye iodini ya kutosha hilo halina neno, lakini penye iodini haba huongeza ubaya juu ya ubaya. Mama zetu waroweka muhogo siku nyingi na kuuanika juani hawafanyi hivyo kwa ladha tu, maana sumu nyingi hutoka. Aliye na haraka akaupika bila kuuroweka vema hujiletea hasara.

Nisingeandika makala hii kwa ajili ya uvimbe wa shingo peke yake. Watu wengi wameishi na rovu, wamelima, wamezaa, wamezeeka nalo. Hasara kubwa i tumboni mwa mama. Mtoto aliye tumboni hujenga ubongo wake kwa thairoksini, na katika miezi ya kwanza hana nyingine ila ya mama yake. Mama akikosa iodini sana, mtoto aweza kuzaliwa kiziwi, mfupi, mzito wa akili maisha yake yote, na hakuna dawa ya kumrudisha baada ya hapo. Katika milima ya Papua New Guinea mwaka 1966 walianza kuzichoma jamaa za watu sindano za mafuta yenye iodini, jamaa moja ikipata na ya pili ikichomwa maji ya chumvi tu. Kati ya watoto 534 waliozaliwa na mama wasiopata, 26 walikuwa na ulemavu huo. Kati ya 498 wa mama waliopata walikuwa 7, na karibu wote hao mimba zao zilikuwa zimekwisha kutungwa kabla ya sindano. Maana yake, iodini sharti iwepo mwilini kabla ya mtoto kuanza. Ninyi mliomaliza shule mkaoa, habari hii ni yenu kuliko ya wadogo zenu walio darasani. Mama mwenye mimba anahitaji maikrogramu 250 kwa siku.

Lakini msidhani ya kuwa kila maradhi ya tezi huponywa kwa iodini. Siku hizi mbwa wengi wa mijini wenye tezi dhaifu hawakukosa iodini hata kidogo, bali askari wa mwili, wale wapiganao na vijidudu, wameigeukia tezi yenyewe na kuiharibu. Watu nao hupata hivyo, na Mjapani Hakaru Hashimoto aliyaeleza maradhi hayo mwaka 1912. Mgonjwa wa namna hii, awe mtu au mbwa, hupewa vidonge vya thairoksini kila siku. Kumrundikia iodini kwaweza kumzidishia ugonjwa. Kwa hiyo mwenye uvimbe shingoni aende hospitali apimwe, maana uvimbe mwingine ni wa namna nyingine kabisa.

Zaidi ya hayo, tezi yenyewe ikiliwa ni dawa kali. Mbwa wanaolishwa makoromeo ya ng'ombe kutoka buchani, tezi ikiwa bado imeshikamana, wameonekana kukonda, kuhema na kukosa utulivu kwa kuzidiwa na thairoksini. Nao watu walipata yayo hayo huko Minnesota na majimbo ya jirani, miaka ya 1984 na 1985: nyama ya shingo ilisagwa pamoja na tezi, na watu zaidi ya 100 wakaugua, mioyo ikienda mbio. Mchinjaji mwema huikata tezi na kuitupa.

Basi tunabaki na chumvi. Serikali za Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zimeamuru chumvi ya chakula itiwe iodini. Ikiwa na miligramu 30 katika kilo, gramu 5 zatosha kwa siku. Lakini iodini hupotea pole pole kwa unyevu, jua na joto. Chumvi iliyomwagwa sokoni juu ya gunia wazi, ikanyeshewa na kukauka mara tatu, si ile iliyotoka kiwandani. Nyumbani iwekwe katika chombo chenye kifuniko, mbali na moto, na ni afadhali itiwe chunguni mwishoni mwa kupika.

Mwalimu wa sayansi akikubali, pimeni chumvi ya jikoni kwenu. Chemsheni wanga kidogo katika maji, uache upoe. Wekeni chumvi kijiko kimoja katika kisahani, na katika kisahani cha pili chumvi safi ya maabara isiyotiwa kitu. Juu ya kila kimoja dondosheni maji ya wanga, potasiamu iodaidi kidogo, na matone machache ya asidi iliyozimuliwa. Chumvi yenye iodini itageuka buluu au zambarau mara moja, na ile ya maabara itabaki nyeupe. Kila mmoja alete chumvi ya nyumbani kwao katika karatasi, aandike imenunuliwa wapi na imekaa siku ngapi, na visahani vyote vipangwe mezani pamoja.