Kupokea Televisheni ya Dijitali Nyumbani: Antena, King'amuzi na Ukingo wa Picha

Usiku wa kuamkia Januari 1, 2013, mitambo ya televisheni ya analojia ilizimwa katika jiji la Dar es Salaam, na sehemu nyingine za Tanzania zikafuata kwa awamu. Nchini Kenya mitambo ya namna hiyo ilizimwa mwaka 2015. Mabadiliko hayo yalitokana na mapatano yaliyofikiwa Geneva mwaka 2006, ambayo yaliweka Juni 17, 2015 kuwa siku ambayo matangazo mengi ya analojia yangekoma kulindwa dhidi ya mwingiliano wa mawimbi kutoka nchi jirani. Tangu hapo king'amuzi, ambacho wengine hukiita kisimbuzi, kimekuwa chombo cha kawaida sebuleni, ama peke yake ama kikiwa kimejengwa ndani ya televisheni yenyewe.

Chombo kimebadilika, lakini namna ya kukifunga aghalabu imebaki ile ile ya zamani. Antena hupandishwa juu ya paa, huzungushwa mpaka picha itokee, kisha kazi huhesabiwa kuwa imekwisha. Baada ya miezi michache picha huanza kuganda na kukatika. Hapo mwenye nyumba hununua king'amuzi kipya, au busta, au vyote viwili, ilhali kosa limo katika konekta iliyoshika kutu yenye thamani ndogo mno. Chanzo cha hasara hiyo ni dhana moja isiyo sahihi, nayo ni kwamba picha safi huthibitisha kuwa antena imefungwa vizuri. Katika analojia dhana hiyo ilikuwa ya kweli. Katika dijitali si ya kweli hata kidogo, na sababu yake yafaa ifahamike kabla ya kushika bisibisi.

Katika televisheni ya analojia, mwangaza wa kila sehemu ya picha ulisafirishwa kama badiliko la ukubwa wa wimbi. Kelele za umeme, zile zinazotoka angani na zile zinazozaliwa ndani ya saketi za kipokezi, zilijumlika moja kwa moja na picha, na mtazamaji akaziona kwa macho yake: ndizo chenga. Mawimbi yalipopungua kidogo, chenga ziliongezeka kidogo. Yalipopungua sana, picha ilizama ndani ya chenga, ingawa hata hapo sauti ya msomaji wa habari iliweza kufuatwa. Chenga ziliudhi, lakini zilikuwa kipimo. Kila mwenye televisheni alikuwa na chombo cha kupimia mawimbi mbele ya macho yake, bila ya kujua kuwa anacho.

Dijitali husafirisha tarakimu. Picha ya kawaida ina nukta 720 kwa upana na 576 kwa urefu, nayo hubadilishwa mara 25 kwa sekunde. Kila nukta ikipewa biti 16 za kueleza mwangaza na rangi yake, hupatikana biti milioni 166 hivi kwa kila sekunde. Mkondo mmoja wa masafa wenye upana wa megahezi 8 hauwezi kubeba mzigo huo. Kwa hiyo picha hukamuliwa kwanza: badala ya kutuma kila picha nzima, mtambo hutuma picha nzima mara moja moja, na katikati yake hutuma maelezo ya yale tu yaliyobadilika. Mtangazaji akiwa ameketi mbele ya ukuta, hakuna haja ya kuueleza ukuta huo mara 25 kwa sekunde. Kwa ukamuaji huo biti milioni 166 hushuka hata kufikia milioni 2 au 3, na mkondo ambao zamani ulibeba stesheni moja huweza sasa kubeba kumi au zaidi.

Lakini mzigo uliokamuliwa hauvumilii makosa. Biti moja ikiharibika, maelezo ya picha kadhaa zinazoitegemea huharibika pamoja nayo. Ndiyo sababu, kabla ya kurushwa, biti huongezewa biti nyingine za ulinzi. Namna ya ulinzi itumiwayo katika mfumo wa DVB-T2, ambao Kenya, Uganda na Tanzania zinautumia, ilibuniwa na Robert Gallager katika tasnifu yake ya udaktari huko Marekani mwaka 1960. Ilikaa bila ya kutumiwa sana kwa muda wa miaka zaidi ya thelathini, kwa kuwa kompyuta za wakati ule hazikuwa na nguvu za kuifanyia hesabu.

Wazo lenyewe laweza kuelezwa ubaoni kwa hesabu ya darasa la nne. Chukua tarakimu tisa, na mwisho wa kila mstari na chini ya kila safu uandike jumla yake:

4   7   2   | 13
5   1   8   | 14
6   3   9   | 18
15  11  19

Mwanafunzi mmoja atoke nje, na mwingine aifute 1 iliyo katikati na kuandika 6. Arudipo yule wa kwanza, atajumlisha mistari na kuona kwamba mstari wa pili una 19 badala ya 14. Atajumlisha safu na kuona kwamba safu ya pili ina 16 badala ya 11. Mstari na safu hiyo hukutana mahali pamoja tu, na ziada ni 5 kwa pande zote mbili. Basi 6 hurudishwa kuwa 1, na hakuna atakayejua kwamba kosa lilipata kutokea. Rudia sasa jaribio kwa kuharibu tarakimu nne: 4 iwe 6, 7 iwe 5, 5 iwe 3, na 1 iwe 3. Jumla zote, za mistari na za safu, zitabaki sawasawa kabisa, na msahihishaji hatakuwa na namna yoyote ya kugundua udanganyifu huo. Ulinzi wa Gallager una nguvu kuliko huu kwa mbali sana, maana maelfu ya biti huhusishwa katika hesabu nyingi zinazopishana. Hata hivyo nao una kikomo.

Hapa ndipo ulipo ukingo wa picha. Maadamu makosa hayajazidi uwezo wa kusahihishwa, yote husahihishwa, na picha huwa safi sawasawa na ile iliyotoka studio. Makosa yakizidi uwezo huo kidogo tu, fungu zima la biti hutupwa. Kioo hujaa miraba, picha huganda, na sauti hukatika kabisa. Kati ya ukamilifu na uharibifu kuna tofauti ya desibeli moja hivi. Nyumba mbili zinaweza kuonyesha picha zisizotofautiana hata kidogo, huku moja ikiwa na nguvu za mawimbi mara kumi ya kinachohitajika, na ya pili ikiwa imesimama ukingoni kabisa, ikingojea jani la mwembe lililolowa maji liisukume. Kazi ya fundi, basi, ni kutafuta akiba: kiasi ambacho mawimbi yaweza kupungua kabla ya picha kuharibika.

Akiba hiyo huanzia kwenye antena. Televisheni ya ardhini hutumia zaidi masafa ya kati ya megahezi 470 na 694, yaliyogawanywa katika mikondo ya megahezi 8 iliyopewa namba kuanzia 21. Kitovu cha mkondo wa 21 kipo megahezi 474, na kila mkondo unaofuata huongeza 8. Kwa hiyo mkondo wa 30 una kitovu chake megahezi 546. Urefu wa wimbi kwa mita hupatikana kwa kugawanya 300 kwa masafa yaliyo katika megahezi, na kwa mkondo huo ni sentimita 55 hivi. Kijiti cha antena kinachopokea, yaani dipoli, huwa na nusu ya urefu huo, tena hupunguzwa kidogo kwa sababu ya unene wa madini yake. Kijiti cha sentimita 26 chafaa. Antena yenye vijiti vingi vilivyopangwa juu ya mhimili mmoja ilielezwa nchini Japani mwaka 1926 na Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi. Vijiti vifupi, vilivyo mbele ya dipoli, huyaongoza mawimbi. Kilicho nyuma, ambacho ni kirefu zaidi, huyaakisi. Upande wa vijiti vifupi ndio unaoelekea mnarani. Laonekana jambo dogo, lakini atakayetembea mtaani akitazama mapaa ataona antena zisizo chache zilizoupa mnara kisogo.

Kabla ya kupanda juu, ijulikane minara iko wapi. Nairobi, mathalani, hupokea kutoka mtambo wa Limuru, kaskazini-magharibi ya jiji. Itazamwe pia kama antena za majirani zimelaza vijiti au zimevisimamisha, kwa kuwa antena iliyolazwa hupoteza sehemu kubwa ya mawimbi yaliyorushwa kwa wima, na kinyume chake. Kimo nacho kina hesabu yake. Chukua kipeuo cha pili cha kimo cha mnara kwa mita, ujumlishe na kipeuo cha pili cha kimo cha antena, kisha uzidishe kwa 4.12, jibu ni umbali, kwa kilometa, ambao mawimbi hufika kabla ya kuzibwa na mviringo wa dunia. Mnara wa mita 150 na antena ya mita 9 hupata kilometa 63. Vilima huipunguza hesabu hiyo bila ya huruma.

Kebo iwe ya ohmu 75, na iwe fupi. Hata kebo nzuri hupoteza desibeli 2 hivi katika kila mita 10, na kwa kuwa kila desibeli 3 ni nusu ya nguvu, kebo ya mita 30 hufikisha robo tu ya kile kilichopokewa. Konekta iliyo juu ifunikwe barabara, hasa katika miji ya pwani ambako hewa ya chumvi hula madini upesi. Mvua yenyewe haiyadhuru sana mawimbi ya masafa haya. Inawadhuru wenye madishi ya setilaiti, ambayo hutumia masafa ya juu mara ishirini hivi. Basi picha ya antena ya kawaida ikikatika kila inyeshapo mvua, lisilaumiwe wingu: maji yameingia kwenye kebo.

King'amuzi kikishaunganishwa na kuagizwa kwa rimoti kutafuta stesheni, fungua ukurasa wake unaoonyesha vipimo viwili, kimoja cha nguvu za mawimbi na kingine cha ubora wake. Cha kutegemewa ni cha ubora. Nguvu zaweza kuwa nyingi na zote zikawa kelele. Mtu mmoja awe kwenye nguzo na mwingine mbele ya kioo. Antena izungushwe kidogo, kisha isubiriwe kwa sekunde kadhaa, maana king'amuzi huchelewa kukamata mawimbi. Anayeizungusha mfululizo, kama alivyozoea zamani, huupita mwelekeo ulio bora bila ya kuuona. Njia ya hakika ni kutafuta kingo mbili: zungusha kulia mpaka picha ivunjike, weka alama ya chaki kwenye nguzo, zungusha kushoto mpaka ivunjike tena, weka alama ya pili, kisha ikaze antena katikati ya alama hizo.

Iliyobaki ni kuipima akiba. Kigawa-mawimbi cha njia mbili, ambacho mafundi hukiita splita, hupoteza zaidi kidogo ya nusu ya nguvu katika kila njia. Kwa antena isiyo na busta, kiunganishwe kati ya kebo na king'amuzi. Picha ikibaki safi, akiba haipungui desibeli 3. Viunganishwe viwili kwa kufuatana; ikibaki safi bado, akiba imekaribia desibeli 7, na nyumba hiyo yaweza kulala salama. Ikivunjika kwa kimoja tu, picha hiyo iliyokuwa ikisifiwa ilikuwa ukingoni, na dawa yake ni nguzo ndefu zaidi au antena kubwa zaidi. Busta ije baada ya hayo, tena ifungwe juu karibu na antena. Ikifungwa nyuma ya televisheni, hukuza mawimbi yaliyokwisha kudhoofika pamoja na kelele zake, na uwiano wa viwili hivyo, ambao ndio king'amuzi hutegemea, hauongezeki kwa chochote cha maana. Palipo karibu na mnara, busta huzidisha nguvu kupita kiasi na kuiharibu picha iliyokuwa nzima.

Nguzo ya chuma isisimamishwe mahali ambapo, ikianguka, yaweza kugusa waya wa umeme, na iunganishwe na ardhi kwa waya mnene wa shaba. Kandokando ya Ziwa Viktoria, ambako ngurumo ni nyingi, kebo ya antena na plagi ya umeme zote mbili zichomolewe kabla dhoruba haijafika.

Darasa lenye splita mbili na king'amuzi kimoja laweza kulifanya jaribio la akiba katika kipindi kimoja, na kulirudia kila wiki kwa muhula mzima, likiandika siku, hali ya hewa na kipimo cha ubora. Pamoja na hilo, wanafunzi watafute urefu wa dipoli ifaayo kwa mkondo wa 45, kisha waeleze kwa nini dipoli ya mkondo wa 30 bado hupokea mkondo huo, na wakadirie ni sehemu gani ya nguvu itakayofika kwenye king'amuzi kupitia kebo ya mita 15 na splita moja.