Donda Lisilopona na Kazi ya Shavu la Mguu

Mwalimu mmoja tumjuaye, aliyesimama mbele ya ubao tangu asubuhi hata alasiri kwa miaka zaidi ya 20, alipata donda juu kidogo ya kifundo cha mguu, upande wa ndani. Alitia majani, akatia marhamu, akatia unga wa dawa. Donda likafunga mwezi mmoja, kisha likafumuka tena. Watu wakaliita donda ndugu, na wengine wakanong'ona kwamba amekanyaga kitu alichotegewa. Miaka mitatu ikapita hivyo, hata akataka kuacha kazi. Kumbe muda wote huo lilitibiwa donda, na mguu haukutibiwa.

Yafaa kwanza tuijue safari ya damu. Moyo huisukuma hata vidoleni mwa miguu, walakini kurudi kwake ni kupanda mlima. Ndani ya mishipa ya kurudishia damu mna vilango vidogo vifungukavyo kuelekea juu tu. Fabricius, mwalimu wa Padua huko Italia, aliandika habari zake mwaka 1603, akidhani kazi yake ni kupunguza kasi ya damu ishukayo. Mwanafunzi wake Mwingereza, William Harvey, ndiye aliyeeleza maana yake mwaka 1628. Msomaji aweza kujaribu mwenyewe: ning'iniza mkono hata mishipa itokeze, bana mshipa mmoja kwa kidole karibu na kiwiko cha mkono, kisha kwa kidole kingine ikamue damu kwenda juu kupita fundo lionekanalo. Mshipa utabaki mtupu mpaka uondoe kidole cha chini.

Basi kilango huzuia damu isishuke, lakini hakiisukumi. Asukumaye ni shavu la mguu. Kila tupigapo hatua nyama zake hukaza na kuiminya mishipa iliyomo ndani, kama mhunzi aminyavyo mivukuto. Zikilegea, damu nyingine huingia kutoka chini. Mtu mzima akisimama kimya, nguvu ya damu katika mishipa hiyo kifundoni hufika kiasi cha milimita 90 za zebaki. Akitembea, hushuka hata 30 au chini yake. Ndiyo sababu askari wa gwaride asiyetikisika juani huweza kuzimia: damu imetuama miguuni, kichwa kimepungukiwa.

Vilango vyaweza kuharibika kwa uzee, kwa mimba nyingi, kwa damu iliyoganda mguuni zamani, au kwa urithi wa ukoo. Hapo mguu huvimba jioni na kunywea asubuhi. Mishipa hujipinda kama nyoka, ngozi ya kifundoni huwasha, huwa nyeusi na ngumu, na mkwaruzo mdogo huwa donda. Huu si ugonjwa wa matende, uletwao na minyoo ya mbu. Tena mguu mmoja ukivimba ghafula kwa maumivu, na hasa pumzi ikikatika, mgonjwa apelekwe hospitali siku ile ile.

Dawa iliyo kuu ni bendeji, ifungwayo tangu mwanzo wa vidole hata chini ya goti, imara kifundoni na kulegea kidogo kidogo kwenda juu. Asiifunge mtu asiyefundishwa. Kwanza daktari apime mapigo ya damu mguuni, maana mguu ulio baridi usio na mapigo, ukibanwa, waweza kufa. Siku hizi madaktari pia huziba mshipa mbovu kwa joto, wakiingiza uzi mwembamba ndani yake. Uchunguzi uliotolewa Uingereza mwaka 2018 ulionyesha kwamba kufanya hivyo mapema huharakisha kupona.

Bendeji bila mwendo hufanya nusu ya kazi. Mgonjwa atembee, akiketi, ainue visigino mara kwa mara, akilala, miguu iwe juu kuliko moyo.

Mwalimu wetu alifungwa bendeji kwa miezi mitano, donda likafunga, na sasa huvaa soksi za kubana kila siku. Darasani hasimami tena mahali pamoja: huzunguka kati ya madawati kutwa nzima. Wanafunzi wake wameamini kwamba awatafuta wanaonakiliana.