Mafunzo Sita Niliyopata kwa Kulima Namtumbo

Wilaya ya Namtumbo ilimegwa kutoka Songea Vijijini mwaka 2002. Makao makuu yake yako kilomita 70 hivi mashariki ya mji wa Songea, kwenye barabara iendayo Tunduru. Wandendeule, Wangoni na Wayao wanaishi pamoja huku, na karibu kila kaya inategemea jembe: mahindi, mpunga, ufuta, mbaazi, soya, tumbaku na korosho. Ukipita mwezi wa Machi unaona kijani kitupu pande zote mbili za lami, na ni rahisi kudhani kwamba shida haina pa kukaa.

Nimelima misimu kadhaa katika kijiji kimoja kidogo cha wilaya hii, na nimesadiki jambo moja. Mkulima wa huku anajua kulima. Kinachomrudisha nyuma ni shida inayomlazimisha auze kabla ya wakati. Mafunzo haya yote yanahusu namna ya kujipatia nafasi ya kusubiri.

1. Msimu ni mmoja, nao huanza kabla ya mvua

Huku hatuna vuli na masika. Mvua huanza mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba na kukatika Aprili, basi. Aliyechelewa hana msimu wa pili wa kujikomboa. Kwa hiyo shamba linatakiwa liwe safi Oktoba, mbegu na mbolea ya kupandia viwe ndani, na jina lako liwe kwenye daftari la ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/23.

Nilifundishwa kupanda kwa kamba. Unachukua kamba ya katani, unaifunga kitambaa kila baada ya sentimita 30, watu wawili wanaivuta hadi inakaza, na wa tatu anachimba shimo panapoangukia kitambaa. Mbolea inatangulia, udongo kidogo juu yake, kisha mbegu moja. Mstari unaofuata unasogea sentimita 75. Kwa kipimo hicho ekari moja inabeba karibu mimea 18,000. Kazi inachosha mgongo, lakini wakati wa palizi na wa kutia UREA unapita katikati ya mistari bila kukanyaga kitu.

2. Jirani ni sehemu ya mtaji

Mtafiti Philip Gulliver aliishi na Wandendeule miaka ya 1950, na kitabu chake cha mwaka 1971 kinaeleza jinsi majirani walivyounda vikosi vya kulima kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu, wakiunganishwa na udugu na ukwe. Hali imebadilika, vibarua wa kulipwa wapo, lakini msingi ule haujafa. Mwenye shamba anaandaa togwa: uji wa mahindi unapikwa jioni, ukipoa unatiwa kimea cha ulezi, asubuhi umekuwa mtamu bila sukari. Watu wanakunywa, wanalima, na deni linabaki kuwa la jasho.

Faida yake haiishii kwenye palizi. Viwavijeshi vamizi vilipoingia nchini mwaka 2017 tuliona kwamba kupulizia shamba lako peke yako ni kazi bure kama la jirani linateketea. Na vijiji vilivyo karibu na ushoroba wa Selous na Niassa vinapitiwa na tembo. Mtu mmoja hawezi kukesha msimu mzima, ila kaya kumi zinazopokezana zamu, zenye kamba za pilipili na oili chafu kuzunguka mashamba na simu ya askari wa wanyamapori wa kijiji, zinaweza kuokoa mavuno.

3. Bei ya mahindi yako huamuliwa Februari

Hili ndilo kubwa kuliko yote. Kuanzia Januari hadi Machi mahindi yako shambani na chakula cha mwaka jana kimekwisha. Ada zinadaiwa, mtoto anaumwa, palizi inataka fedha. Hapo ndipo anapofika mtu mwenye pesa mkononi, ananunua gunia ambalo halijakomaa kwa bei anayoipanga yeye. Wilayani Mbinga mikopo ya namna hii juu ya kahawa inaitwa magoma, na kwenye korosho watu wanajua jinsi ununuzi wa aina hiyo, uitwao kangomba, ulivyowaumiza. Mei ikifika, mkulima anavuna mali ya mtu mwingine.

Dawa yake haiko Februari, iko Juni ya mwaka uliotangulia. Kabla sijauza hata debe moja, natenga chakula cha nyumba nzima hadi mavuno yajayo, gunia la kilo 100 kwa kila mtu mzima. Juu yake naongeza gunia moja la kulipia palizi. Hayo hayauzwi kwa bei yoyote, hata jirani mwema akija na ahadi nzuri. Kaya yenye chakula Februari inaweza kumjibu mnunuzi: "Tutaonana Julai."

4. Kutunza ni kazi kama kulima

Kusubiri hakuna maana kama dumuzi anasubiri pamoja nawe. Mdudu huyu alitoka Amerika ya Kati, akaonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na sasa yuko kila ghala. Anageuza punje kuwa unga ndani ya miezi michache.

Bibi mmoja jirani yangu ndiye aliyenionyesha kipimo cha chumvi. Alichukua chupa kavu ya soda, akatia konzi ya mahindi na chumvi kavu kidogo, akatikisa, akaiinua juani. Chumvi ilikuwa imeganda kwenye kioo. "Bado, mwanangu," alisema, "yarudishe kwenye turubai." Siku chache baadaye chumvi ilidondoka yote chini, na hapo tukajaza mifuko. Mahindi makavu namna hiyo, yakiwekwa kwenye mifuko ya PICS yenye nailoni mbili ndani na kila nailoni ikafungwa peke yake, humnyima mdudu hewa, naye hufa bila dawa. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) nao hutaka mahindi makavu unapofungua vituo vya kununua, kiwango chao kikiwa unyevu usiozidi asilimia 13.5.

5. Usiuze bila mzani

Lumbesa ni gunia lililojazwa hadi likashonewa kilemba juu. Sheria ya vipimo inaikataza, lakini bado inapita vichochoroni, hasa kwa anayeuza peke yake na kwa haraka. Kila kilo inayozidi 100 ni jasho ulilotoa bure. Kijiji chenye mzani wake, hata wa kuning'iniza kwenye mti, kinawalazimisha wanunuzi wazungumze kwa kilo.

Ushirika si mgeni huku: Chama cha Ngoni-Matengo kilianzishwa mwaka 1936 kwa ajili ya tumbaku, na leo vyama vyetu vya msingi vya ushirika, yaani AMCOS, viko chini ya chama kikuu cha SONAMCU. Mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria mwaka 2005, unalalamikiwa malipo yanapochelewa, na malalamiko hayo ni ya haki. Hata hivyo ufuta uliopimwa ghalani na kuuzwa mnadani una bei inayosikika na kila mtu, tofauti na bei ya kunong'onezwa mlangoni. Nenda kwenye mkutano wa AMCOS yako, uliza makato, soma karatasi kabla ya kutia saini.

6. Kila zao lipewe kazi yake

Agosti 2017 India iliweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini mwake. Bei ikaporomoka hadi vijijini kwetu, na waliokuwa wamelima mbaazi tupu walibaki na magunia yasiyo na mnunuzi. Uamuzi wa Delhi ulifika Namtumbo msimu uleule.

Mbaazi naipenda, inarutubisha udongo na kustahimili jua, lakini kwangu ni nyongeza. Ufuta unapandwa baada ya mahindi na kuvunwa kuanzia Mei, fedha yake ndiyo inayolipa ada na madeni. Mahindi ndiyo chakula, na ziada yake ndiyo inayosubiri bei. Ukilima vyote vitatu, ufuta unayalinda mahindi yasiuzwe kwa pupa.

Serikali ina wajibu wa kutuletea mbolea mapema na kulipa mazao kwa wakati, na tusichoke kuidai. Ila lipo tunaloweza kuanza wenyewe mavuno haya. Kaa na mwenzio na watoto, hesabuni vichwa vya nyumba, tengeni magunia ya kula hadi Mei ijayo, mfunge mlango wa ghala. Baada ya hapo ndipo umwite mnunuzi, naye akukute huna haraka.