Kufundisha Upishi kwa Njia ya Kutenda: Somo la Ndizi Mbivu za Nazi

Utangulizi

Walimu wengi wa Sayansikimu wamekwisha kukutana na mwanafunzi wa namna hii: daftari lake ni safi, mwandiko wake mzuri, na njia ya kupika chakula imeandikwa humo hatua kwa hatua, lakini akisimamishwa mbele ya jiko hajui aanzie wapi. Akiulizwa atajuaje kwamba chakula kimeiva, hujibu, "Baada ya dakika kumi na tano." Jibu hilo ni la daftari, si la jiko. Moto wa kuni haufanani na moto wa mkaa, wala ndizi ya leo haifanani na ya jana.

Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha jinsi somo moja dogo, la kupika ndizi mbivu za nazi, linavyoweza kumfundisha mtoto kupika kwa kutazama ishara na kuzifahamu sababu zake. Chakula hiki kimechaguliwa kwa kuwa ni rahisi, hupikwa kwa sufuria moja, na katika pwani yetu watoto wengi wamekwisha kukila nyumbani, hasa wakati wa futari. Hata hivyo kina jambo moja gumu, nalo ni tui. Hapo ndipo penye somo.

Malengo ya somo

Mwishoni mwa somo mwanafunzi aweze:
(a) kuchagua ndizi zinazofaa na kueleza sababu;
(b) kukamua tui zito na tui jepesi na kutofautisha matumizi yake;
(c) kupika ndizi bila tui kukatika, na kueleza kwa nini tui hukatika.

Vifaa na matayarisho

Tuchukue darasa la wanafunzi 40, waliogawanywa katika makundi 5 ya watoto 8. Kila kundi lipewe ndizi mbivu 3 za mkono wa tembo (au mzuzu), nazi 1, sukari vijiko 2 vya mezani, punje 3 za iliki na chembe ya chumvi. Mwalimu abaki na nazi moja ya ziada kwa ajili ya jaribio litakaloelezwa hapa chini. Vyombo ni mbuzi ya kukunia nazi, chujio au kifumbu, sufuria, upawa, kisu na jiko. Pasipo majiko ya kutosha, mafiga matatu uani yatafaa.

Somo lahitaji vipindi viwili mfululizo vya dakika 40. Mgawo wa wakati waweza kuwa hivi: utangulizi na jaribio dakika 15, kukuna na kukamua nazi dakika 20, kupika dakika 25, kuonja na kujadiliana dakika 15, usafi dakika 5. Moto uwashwe mapema, na ndoo ya mchanga iwekwe karibu. Wavulana na wasichana wapangwe pamoja, na kazi zizunguke, ili asiwepo mtoto wa kuosha vyombo tu. Iwapo somo laangukia mwezi wa Ramadhani, heri kuliahirisha, kwani somo hili haliwi kamili bila kuonja.

Hatua ya kwanza: maswali na jaribio

Mwalimu asianze kwa kuandika ubaoni. Aanze kwa kuuliza: Nani amekwisha kumwona mama au bibi akipika ndizi za nazi? Alitia nini kwanza? Alikuwa akifanya nini mkononi muda wote? Majibu yatatofautiana. Yaandikwe yote ubaoni bila kusahihishwa, maana yatarudiwa mwishoni.

Kisha mwalimu achukue tui alilolikamua katika nazi ya ziada, aligawe katika vyombo viwili vidogo. Cha kwanza akiweke penye moto mkali asikikoroge. Cha pili akiweke penye moto mdogo, na mwanafunzi mmoja akoroge polepole. Baada ya muda mfupi tui la kwanza litakatika: madonge meupe yataonekana, maji yatajitenga, na mafuta yataelea. La pili litabaki laini. Watoto waitwe, kundi baada ya kundi, watazame na kueleza walichokiona kwa maneno yao wenyewe.

Ndipo mwalimu aeleze sababu. Tui ni maji yenye chembe ndogo sana za mafuta. Chembe hizo zimezungukwa na protini ya nazi, nayo huzizuia zisiungane. Moto mkali huiharibu protini hiyo na kuigandisha. Chembe za mafuta hukosa kizuizi, huungana na kupanda juu. Kukoroga husambaza joto ili chini pasizidi moto. Mwalimu akumbushe pia kwamba mafuta ya nazi ya kienyeji hupatikana kwa njia hiyo hiyo: tui huchemshwa kwa makusudi mpaka mafuta yajitenge. Basi lile lililo kosa kwa mpishi wa ndizi ni kusudi la mpishi wa mafuta. Mtoto akilielewa hilo hatalisahau.

Hatua ya pili: kupika

1. *Kuchagua ndizi.* Ndizi iwe na ganda la manjano lenye madoa meusi. Ndizi inapoiva, wanga wake hugeuka sukari. Kwa hiyo iliyo mbichi haitakuwa tamu, na iliyoiva kupita kiasi itavurugika sufuriani.

2. *Kukamua tui.* Nazi ikishakunwa, itiwe nusu kikombe cha maji ya vuguvugu, ifikichwe na kukamuliwa. Hilo ndilo tui zito, liitwalo pia kasimile, liwekwe kando. Machicha yatiwe kikombe 1 cha maji na kukamuliwa tena, lipatikane tui jepesi.

3. *Kupanga sufuria.* Kila ndizi imenywe, ikatwe mapande matatu, na kila pande lipasuliwe kwa urefu. Vipande vipangwe sufuriani, vitiwe tui jepesi, chumvi na iliki iliyotwangwa.

4. *Kuchemsha.* Tui jepesi lina mafuta kidogo, hivyo lavumilia mchemko wa kadiri. Ishara ya kuiva ni hii: kijiti hupenya ndizi bila nguvu, lakini kipande hakivunjiki. Kabla ya kutia sukari mtoto aonje kwanza. Ndizi zilizoiva vizuri huenda zisihitaji vijiko vyote viwili.

5. *Kutia tui zito.* Sasa makaa yapunguzwe, ndipo kasimile imiminwe. Kukoroga kuwe kwa kuteka tui kwa upawa na kulimimina tena, ili ndizi zisipondeke. Tui likishakuwa zito na kuanza kutokota kidogo pembeni, sufuria iepuliwe. Chakula kiliwe kingali moto.

Tui likikatika

Pamoja na maelezo yote, huenda tui la kundi moja likakatika. Wakati huo mwalimu ndiye anayepimwa.

Mwandishi wa makala haya, alipokuwa mgeni kazini, alifundisha somo hili hili. Tui la kundi moja likakatika, naye akawakemea watoto mbele ya wenzao na kuiondoa sufuria yao jikoni. Juma lililofuata, katika somo la mchuzi wa nazi, msichana aliyekuwa akikoroga siku ile alikataa kushika upawa. Alisema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, mimi nitaosha vyombo." Alikuwa amejifunza jambo moja tu: kwamba jikoni ni mahali pa aibu. Ilichukua muda mrefu kulifuta somo hilo moyoni mwake.

Jaribio la mwanzoni liliongezwa baadaye kwa sababu ya msichana huyo. Tui la kwanza likikatwa na mwalimu mwenyewe, mbele ya wote, kosa huwa jambo la kuchunguzwa. Kundi ambalo tui lake limekatika liulizwe: Moto ulikuwaje? Nani alikuwa akikoroga, na aliacha lini? Watoto wenyewe watapata jibu. Tena ndizi hizo zisimwagwe. Sura yake si nzuri, lakini ni chakula, nacho kiliwe pamoja na vingine.

Kuonja na tathmini

Kila kundi litakuwa na vipande 18: viwili kwa kila mtoto, na viwili vya kuonjwa na makundi mengine. Baada ya kuonja, darasa lirudie majibu ya mwanzoni yaliyo ubaoni na kusema yapi sasa yanaeleweka sababu yake. Hapo mtoto hugundua kwamba bibi yake, aliyekoroga bila kuchoka, alikuwa na ujuzi ambao shule imeutolea maelezo tu.

Tathmini isiwe ya kutaja hatua kwa mpangilio. Maswali kama haya yafaa zaidi:
(i) Kwa nini tui jepesi hutangulia na tui zito hufuata?
(ii) Umepewa kuni mbichi zenye moto usiotulia. Utafanya nini ili tui lisikatike?
(iii) Ndizi ulizonazo hazijaiva sana. Utabadili nini?

Hitimisho

Katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967, Mwalimu Nyerere aliukosoa mtazamo wa kuthamini maarifa ya vitabuni peke yake. Mwalimu wa upishi hana budi kuliweka jambo hilo moyoni kila ashikapo chaki. Njia ya kupika iandikwe daftarini, lakini iandikwe mwisho, na mtoto aliyekwisha kupika. Naye aliyekatikiwa na tui leo ndiye apewe upawa kwanza juma lijalo.