Usalama wa Mtandaoni Katika Kipindi cha Kiswahili: Hatua Saba za Kufundisha Bila Simu Darasani

Mwanafunzi wa kidato cha pili hapa Bisibo, wilayani Biharamulo, haruhusiwi kuja na simu shuleni. Akirudi nyumbani jioni, ndiye anayemsomea bibi meseji za muamala, ndiye anayemfungulia mama WhatsApp, na ndiye anayeazima simu ya kaka wa bodaboda ili achungulie video mbili tatu. Anaingia mtandaoni kwa simu za watu, mara nyingi usiku, na hana wa kumuuliza anapokutana na jambo la kutisha. Utafiti uliotolewa mwaka 2022 na UNICEF, ECPAT na INTERPOL ulionyesha kuwa asilimia 67 ya watoto wa Tanzania wenye umri wa miaka 12 hadi 17 wanatumia intaneti. Ulikadiria pia kuwa watoto wapatao 200,000 walipitia visa vizito vya unyanyasaji wa kingono mtandaoni ndani ya mwaka mmoja.

Mwalimu mwenzangu, usisubiri maabara ya kompyuta. Tapeli na mlaghai wa watoto wote wanafanya kazi kwa maneno: wanaomba, wanasifu, wanaharakisha, wanatisha. Anayemfundisha mtoto kusoma maneno kwa makini ni mwalimu wa lugha, na zana zake ziko tayari kwenye somo: ufahamu, rejesta, mazungumzo, utunzi.

Mahitaji: ubao na chaki, karatasi ya manila, vipande vidogo vya karatasi, bahasha moja, na vipindi vinne vya dakika 40. Kabla hujaanza, mweleze mkuu wa shule na mwalimu wa ushauri nasaha. Somo hili huweza kumfanya mwanafunzi akafichua jambo zito, na ni lazima ajulikane mapema mtu wa kumpokea.

Hatua ya 1: Jua wanachokutana nacho

Mpe kila mwanafunzi kipande cha karatasi. Aandike, bila jina, ujumbe mmoja uliowahi kumtia shaka au hofu, yeye au mtu wa nyumbani kwake. Ambaye hana aandike "sina", ili wote waonekane wanaandika. Kusanya kwenye bahasha, kasome peke yako. Usisome hata kimoja mbele ya darasa kama kilivyo. Mwandiko na kisa vinaweza kumtambulisha mwenyewe. Ukikuta dalili ya mtoto aliye hatarini, mwone mwalimu wa ushauri nasaha siku hiyo hiyo. Vilivyobaki vitakuonyesha uzito uweke wapi: utapeli wa pesa, picha, au matusi ya kwenye magrupu.

Hatua ya 2: Fanya meseji kuwa kifungu cha ufahamu

Andika ubaoni ujumbe wa aina ambayo karibu kila Mtanzania mwenye simu ameshaipokea:

*Naomba ile hela uitume kwenye namba hii. Laini yangu imegoma. Jina litakuja la rafiki yangu. Usinipigie, niko kwenye kikao.*

Uliza maswali kama ya mtihani. Nani anaandika? Hakujitaja. Hela ipi? Hapa tulia kidogo, kwa sababu ndipo penye mtego. Kiashiria "ile" hurejelea kitu ambacho msemaji na msikilizaji wote wanakijua. Tapeli hajui chochote. Anatuma ujumbe uleule kwa mamia ya watu na kumwachia msomaji ajaze. Aliyekopa ataona ni deni lake, aliyenunua mahindi kwa ahadi ataona ni malipo ya mahindi, mpangaji ataona ni kodi.

Kisha waambie wapigie mstari vitenzi viwili: "uitume" na "usinipigie". Cha kwanza kinasukuma pesa itoke, cha pili kinafunga njia ya kuhakikisha. Wanafunzi wakishaona viwili hivi vinavyokwenda pamoja, watavitambua hata ujumbe ukibadilishwa kuwa wa ajira, zawadi, au mwaliko wa kujiunga na Freemason upate utajiri.

Funga kipindi kwa kanuni moja, iandikwe kwenye daftari: *Usitume kabla hujasikia sauti, kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani.*

Hatua ya 3: Tumia rejesta kumtambua anayejifanya

Gawa darasa makundi manne. La kwanza liandike kama mama anayeomba nauli, la pili kama wakala wa pesa, la tatu kama huduma kwa wateja ya kampuni ya simu, la nne kama mkuu wa shule. Soma jumbe bila kutaja kundi. Wengine waseme ni nani aliyeandika, na wataje maneno yaliyowaonyesha.

Hapo weka mambo mawili. Kwanza, kampuni za simu nchini huwapigia wateja wao kwa namba 100, na hakuna mhudumu wa kweli anayemwomba mteja namba yake ya siri. Pili, sisi wa Biharamulo na Ngara tuna faida: nyumba nyingi zina lugha yake, iwe Kisubi, Kihangaza, Kisukuma au Kiha. Mama anayekuita kwa jina la utotoni na kukusalimia kwa lugha ya nyumbani, akikuandikia ghafla kama karani, una sababu ya kumpigia: "Shikamoo mama, ujumbe huu ni wako?" Kila mwanafunzi akakubaliane na familia yake swali moja la nyumbani ambalo mgeni hawezi kulijibu.

Hatua ya 4: Soma ngazi ya mlaghai

Hatua hii ndiyo nzito kuliko zote, ipe kipindi kizima. Andika kwenye manila sentensi tano, uzisome mwenyewe. Usimpe mwanafunzi yeyote kuigiza.

1. Picha yako imenivutia, una akili kuliko wenzako.
2. Nikutumie bando?
3. Haya yetu usimwambie mtu, hawatatuelewa.
4. Nitumie picha moja tu, nitaifuta.
5. Usipotuma nyingine, naisambaza kwenye grupu la kijiji.

Waulize: sentensi ipi ingewafanya waache kujibu? Wengi watataja ya tano, wachache ya nne. Warudishe kwenye ya tatu. Mtu mzima anayemwomba mtoto siri ameshaanza kumtenga na watu wa kumlinda, hata kama bado hajaomba kitu kibaya. Waeleze pia kwamba wavulana hutegwa vilevile, na kwamba picha ikishatoka mkononi mwako huwezi tena kujua imefika wapi.

Kisha sema kwa sauti, bila kuzunguka: mtoto aliyetumiwa hivi hana kosa, mwenye kosa ni aliyemlaghai. Anayesikia maneno haya kwa mwalimu wake ndiye atakayethubutu kuja kusema.

Hatua ya 5: Utunzi wa kukataa na wa kuomba msaada

Adabu tuliyolelewa nayo hufanya mtoto ashindwe kumkatalia mkubwa. Basi mpe maneno. Kila mmoja aandike sentensi tatu za kukataa, fupi, zisizo na maelezo wala samahani: "Situmi picha." "Nitamwonyesha mama ujumbe huu." "Usiniandikie tena."

Kisha wafanye zoezi la taarifa: nini kimetokea, lini, kwa namba au akaunti gani, nani mwingine anajua. Sisitiza wasifute ujumbe kwa aibu, kwa kuwa ndio ushahidi. Andika ubaoni pa kupeleka taarifa hiyo: mzazi au mlezi, mwalimu wa ushauri nasaha, Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi, na namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo ni bure. Namba za matapeli hutolewa taarifa kwa ujumbe kwenda 15040, utaratibu unaosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).

Hatua ya 6: Wafundishe kutokuwa sehemu ya madhara

Vijana wetu hutegwa, na wakati mwingine wao ndio wanaosambaza. Picha ya aibu ya mwenzao ikirushwa kwenye grupu, kila anayeibonyeza kuipeleka mbele ameongeza jeraha. Waeleze kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza unyanyasaji wa mtandaoni; adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na kusambaza picha za utupu za mtoto ni kosa kubwa zaidi.

Waandike aya moja: "Rafiki yangu amenitumia picha ya mwanafunzi mwenzetu. Nitafanya nini?" Sahihisha hoja kabla ya tahajia.

Hatua ya 7: Peleka somo nyumbani

Simu ni za wazazi, hivyo mwanafunzi awe mwalimu wao. Kazi ya nyumbani ni kukaa na mwenye simu na kufanya mambo matatu: kumweleza kwa lugha ya nyumbani kanuni ya kutotuma kabla ya kusikia sauti, kupiga \*106# kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na kubadili namba ya siri kama ni mwaka wa kuzaliwa au 1234. Hiyo mpya abaki nayo mwenye simu peke yake.

Kwenye kikao cha wazazi, omba dakika kumi. Waombe jambo moja: mtoto akija na habari mbaya ya mtandaoni, wasianze kwa fimbo wala kwa kumpokonya simu. Akiadhibiwa kwa kusema, safari ijayo atanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko mlaghai anakokutegemea.

Rudia hatua ya 2 kila muhula kwa ujumbe mpya ulioletwa na wanafunzi wenyewe, kwa maana matapeli nao hubadili maneno yao.